Maoni: Anayetufundisha kupumzika, yeye analala saa ngapi?

Ilikuwa saa nane ya usiku simu yangu ilipolia. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa dada mmoja wa hapa Bukavu ambaye tunajuana tangu chuo kikuu. Watu wengi wanamjua kwa sura tu: ni yeye anayefundisha mazoezi ya asubuhi kando ya ziwa Kivu, namna ya kupumua wakati moyo unapiga haraka, namna ya kupika sombe na mafuta kidogo, na umuhimu wa kulala mapema. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: « Yaya, niko nachoka mpaka sijue niseme nini. Lakini nikinyamaza, watu watanisahabu. »

Jioni ile ile alikuwa ameweka video juu ya faida za usingizi. Watu walimpongeza sana. Hakuna aliyejua kwamba video hiyo aliirekodi usiku wa manane, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika tangu mchana na ulirudi wakati majirani walikuwa wamelala tayari. Alitufundisha kulala akiwa yeye mwenyewe halali.

Sitataja jina lake, na hakuna haja. Ukitembea Goma, Bukavu, Bunia, Kindu ao Lubumbashi, utawapata vijana kama yeye: mmoja anafundisha mazoezi, mwengine anazungumzia chakula, mwengine ngozi na nywele, mwengine amani ya moyo na maombi. Tunawaita washawishi wa mitandaoni. Wanataka kuifanya iwe kazi ya maisha, na mimi naona wana haki ya kutaka hivyo. Lakini naona pia wengi wanaanguka njiani, na sisi tunaowatazama tunachangia kuwaangusha. Ndiyo sababu ninaandika.

« Kazi gani hiyo ya kucheza na simu? »

Hilo ndilo swali ambalo papa yake anamuuliza kila mara. Mimi pia nilikuwa nalo kidogo moyoni, mpaka siku nilipokubali kumsindikiza.

Tulitoka nyumbani saa kumi na moja na nusu asubuhi, kwa sababu ikifika saa moja watoto wanajaa kando ya ziwa na kila mmoja anataka kuonekana kwenye video. Alirudia zoezi moja mara sita: mara upepo uliingia kwenye sauti, mara mtu wa moto alipita akipiga honi, mara simu ilijaa na tukalazimika kufuta picha za zamani. Tulipofika nyumbani alianza kukata na kuunganisha vipande kwenye simu ile ile, huku betri ikishuka. Kisha akanunua mega kwa pesa yake, akangoja mtandao upate nguvu, akapandisha video. Ilikuwa video ya sekunde 50. Ilitumaliza nusu siku.

Halafu ndipo kazi ya pili ikaanza: kujibu. Mtu anauliza kama mwenye mimba anaweza kufanya zoezi hilo. Mwengine anamtukana kwa nguo aliyovaa. Mwengine anaomba pesa. Mwengine anamuambia kwamba ananenepa, basi atafundisha nani? Mpaka usiku simu haijatulia. Na kesho algoritimu, ile mashine isiyoonekana yenye kuchagua nani aonekane na nani asionekane, inataka video mpya.

Mtu akiniambia tena kwamba hii si kazi, nitamuomba aifanye kwa wiki moja tu.

Sabuni hailipi nyumba

Kuna jambo ambalo watazamaji wengi hawalijui. Programu ya TikTok ya kuwalipa watengenezaji wa video kwa kadiri zinavyotazamwa iko wazi katika nchi chache tu, kama Marekani, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Brazili. Congo haimo. Kwa hiyo mtu wa Bukavu anaweza kutazamwa na watu laki moja na asipate hata franga moja kutoka kwenye programu hiyo. Anaiona jasho yake ikimletea sifa, lakini sifa haiendi sokoni.

Anabaki na matangazo ya wafanyabiashara wa hapa. Na wengi wao wanalipa namna gani? Kwa bidhaa. Duka moja, ambalo sitalitaja, lilimpa dada yetu katoni ya sabuni kwa video tatu. Alipouliza juu ya pesa, walimjibu: « Si tunakusaidia ujulikane? » Alicheka, akachukua sabuni, kwa sababu aliogopa wangempa mtu mwengine. Lakini mwenye nyumba hakubali kulipwa kwa sabuni.

Zaidi ya hayo, sote tunajua mwaka 2025 ulituletea nini. Mwisho wa mwezi wa kwanza M23 iliingia Goma, na katikati ya mwezi wa pili ikaingia Bukavu. Benki zilifunga milango. Pesa kidogo iliyobaki ilianza kupita kwenye simu, na kila ukiitoa unakatwa. Katika siku zile za Goma, watu wengi nchini walishindwa pia kufungua TikTok na X. Mtu ambaye duka lake, ofisi yake na jina lake viko ndani ya TikTok, aliamka akakuta mlango umefungwa na yeye hana ufunguo.

Ilipowezekana kuweka video tena, alikutana na shida nyingine. Aliweka video ya mazoezi, watu wakamuambia: « Hauna haya? Watu wanakufa, weye unaruka-ruka? » Akanyamaza siku kumi. Wengine wakamuandikia: « Umetuacha wakati tunakuhitaji zaidi. » Kufundisha utulivu mahali ambapo utulivu haupo ni mzigo ambao wenzake wa Paris ao wa Los Angeles hawaujui.

Uchovu huu una jina

Mwaka 1974, mwanasaikolojia Herbert Freudenberger wa New York aliandika juu ya uchovu wa ajabu aliouona kwa watu waliotumika kwenye zahanati iliyotibu maskini bure. Hawakuwa wavivu. Ni wale walioanza na moyo mkubwa, wenye kutaka kusaidia kila mtu, ndio waliokuwa wanaishiwa kwanza. Naye mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilieleza vizuri zaidi uchovu huo katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa. Halikusema ni ugonjwa. Lilisema ni hali inayotokana na mkazo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa, na lilitoa alama tatu: nguvu kuisha, moyo kuwa mbali na kazi ao kuichukia, na kujiona hauna tena uwezo wa kuifanya vizuri.

Nilimsomea dada yetu alama hizo kwa simu. Alikaa kimya, kisha akasema: « Hiyo ya pili ndiyo inaniumiza. Niko naanza kuchukia watu wenye wananipenda. »

Maneno hayo yalinigusa kuliko yote. Mtu akisikia hivyo, asijidanganye kwamba kahawa ao siku moja ya kulala vitatosha. Na kama huzuni haimuachi hata akiwa mbali na kazi, kama halali ao hali kwa wiki nyingi, kama anafikiri kufa, hiyo si tena habari ya kupanga saa za kazi. Aende kumuona muganga. Hapa Bukavu tuko na SOSAME, Goma tuko na Tulizo Letu. Sio nyumba za « wendawazimu » kama tunavyozoea kusema barabarani. Ni mahali pa kutunza akili, kama vile zahanati inavyotunza malaria.

Kwa nini wao wanaumia zaidi

Mfundi wa magari akiwa na huzuni, gari linaweza kupona. Mpishi akilia jikoni, bugali inaiva. Lakini mwenye kufundisha afya na utulivu anauza uso wake na mwili wake. Akichoka, anaona kama bidhaa imeharibika. Anajiuliza: « Nitafundisha nini watu, wakati mimi mwenyewe siwezi? » Basi anaficha. Anapaka mafuta usoni, anatabasamu, anabonyeza kurekodi. Uchovu wa mwili unaongezewa na haya, na haya ndiyo inayomzuia kuomba msaada.

Kuna pia jambo lisiloonekana kwenye video. Kila usiku, wanawake wanamuandikia kwa siri. Mmoja anapigwa na bwana wake. Mwengine alibakwa akikimbia vita na hajamuambia mtu. Walianza kwa kuuliza juu ya zoezi la tumbo, wakaishia kufungua moyo, kwa sababu aliwasemesha kwa upole na hakuna mwengine aliyewasemesha hivyo.

Siku moja, saa tano ya usiku, msichana mmoja alimuandikia kwamba hataki kuishi tena. Dada yetu hakusomea saikolojia. Alisomea mambo ya mawasiliano. Alikaa naye kwenye simu mpaka saa kumi ya alfajiri, akamuomba namba ya shangazi yake, akampigia shangazi, na asubuhi shangazi akampeleka hospitalini. Msichana yuko hai. Tunashukuru Mungu. Lakini yeye aliyemsaidia, nani alimsaidia? Kwa wiki nzima kila simu ilipolia alishtuka. Na siku ya pili yake alikuwa ameahidi video ya chai ya tangawizi, akaifanya.

Msiniambie juu ya mama wa Kadutu

Najua jibu ambalo wengi wako nalo tayari. Mzee mmoja wa ofisi yetu alinipa hilo jibu mara moja: « Enda sokoni Kadutu, tazama wamama wenye kubeba mizigo mgongoni kupanda mlima. Hao ndio wanachoka. Hawa wenu wanachezea simu. »

Namheshimu, na simkatalii juu ya wamama wale. Wanabeba mgongoni uchumi wa mji huu, na hakuna anayewaandikia makala ya kutosha. Lakini uchovu si mashindano. Mtu kuvunjika mguu hakufanyi jino la mwengine lisiume. Na kuna tofauti moja: mama wa Kadutu akifikisha mzigo anautua chini, analipwa, hata kama ni kidogo, anarudi nyumbani. Mzigo wa simu hautuliwi. Unalala nawe kitandani.

Ila niseme ukweli wote. Sehemu ya uchovu huo washawishi wanajitafutia wenyewe. Kuna wanaotuonyesha maisha wasiyokuwa nayo: nyumba ya rafiki, matunda ya kukodi kwa picha. Kuna wanaouza chai ya « kusafisha damu » ao vidonge vya kupunguza tumbo ambavyo hawajui vimetengenezwa na nani. Mwenye kudanganya anapaswa kukumbuka kila siku alidanganya nini jana, na hiyo pia inachosha. Mwenye kusema « hili silijui, muulizeni muganga » anabeba mzigo mdogo zaidi.

Wafanye nini?

Mimi si muganga. Nasema yale niliyoyaona yakimsaidia dada yetu na wenzake wawili niliozungumza nao.

La kwanza ni kuwa na saa za kazi, na kuzitangaza. Duka la dawa linaandika mlangoni saa ya kufungua na ya kufunga, na hakuna anayelichukia kwa hilo. Mtu aandike juu ya ukurasa wake: « Ninajibu kuanzia saa tatu mpaka saa tisa. Jumapili sijibu. » Wanaompenda kweli watangoja. Wasiongoja hawakuwa wake.

La pili, asitengeneze kila siku. Umeme ukiwepo na mwili ukiwa na nguvu, arekodi video nne ao tano kwa siku moja, kisha azitoe polepole kwa wiki mbili. Wakulima wetu wanajua hilo tangu zamani: siku ya kuvuna si siku ya kula yote.

La tatu ni pesa, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Kijana asiache masomo ao kazi nyingine kwa sababu video moja imetazamwa sana. Mmoja wa wale niliozungumza nao anashona nguo. Aliniambia kwamba siku aliporudi kwenye mashine yake ya kushona ndipo alipoanza tena kupenda video zake, kwa sababu hazikuwa tena na deni la kumlisha. Na akipata mteja wa matangazo, aseme bei kwa franga ao dola, na makubaliano yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa WhatsApp: video ngapi, kwa siku gani, kwa pesa gani. Kukataa sabuni si kiburi.

La nne ndilo gumu zaidi: ajue mwisho wa uwezo wake. Anayemuandikia kwamba amebakwa hahitaji zoezi la kupumua tu. Anahitaji kufika haraka kwa muganga. Hospitali ya Panzi, ambayo daktari Denis Mukwege alianzisha mwaka 1999 na iliyojulikana duniani kote alipopata tuzo ya Nobel mwaka 2018, inawapokea wanawake hao na kuwatunza mwili na akili. Mshawishi awe na jibu moja aliloliandika vizuri siku akiwa na nguvu, lenye kusema: nimekusikia, ninakuamini, haya ni mahali pa kwenda, na tafuta mtu mmoja wa karibu akusindikize. Hiyo si kumfukuza mtu. Ni kumpeleka kwa mwenye dawa.

La tano, awe na mtu mmoja asiyetazama video zake. Mama, rafiki wa utoto, mchungaji, yeyote ambaye akimuona hatamuuliza idadi ya wafuasi bali atamuuliza kama amekula.

Na sisi?

Nikiishia hapo nitakuwa nimewabebesha wao kila kitu, na hiyo si haki.

Wafanyabiashara wa Goma na Bukavu: mnapoona wateja wanaongezeka juu ya video ya mtu, mlipeni. Mtu anayechapisha mabango yenu hamumlipi kwa katoni ya bidhaa.

Wazazi: papa anayemuambia binti yake kila jioni kwamba anapoteza wakati, amuulize walau mara moja leo amefanya nini. Wengi wa vijana hawa wanajitahidi mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya kazi, mara ya pili kwa kuonyesha nyumbani kwamba ni kazi.

Sisi wanahabari: tunachukua video zao tunazitumikisha kwenye kurasa zetu bila kuomba ruhusa, na tunawaalika kwenye vipindi bila hata pesa ya moto. Mimi pia nimefanya hivyo. Naomba msamaha.

Nawe unayesoma: mara ya mwisho uliyoandika « mbona hauposti? » chini ya video ya mtu, ulitaka kujua kama ni mzima, ao ulitaka tu akuburudishe? Mtu unayemtazama kila asubuhi bure hana deni lako. Akisema anapumzika, muandikie « pumzika vizuri », kisha uende kunyoosha mgongo wako mwenyewe. Zoezi unalijua tayari, alikufundisha.

Wengine wataniambia kwamba katika mji kama wetu, pamoja na vita na njaa, hakuna nafasi ya kupumzika, na kwamba anayesimama anapitwa. Naona ni kinyume. Mahali ambapo watu wengi wanaumia ndipo tunahitaji wenye kututuliza wadumu miaka kumi, sio miezi kumi. Tulikwisha poteza wengi wenye vipaji, waliowaka kama karatasi kisha tukasahabu hata majina yao. Nisingependa dada yetu aongezwe kwenye hesabu hiyo.

Alikuwa amekwisha andika tangazo la kufunga ukurasa wake. Hakulitoa. Alichagua kwanza kujaribu kitu kidogo: kila Jumapili simu inazimwa na kuwekwa kwa mama yake. Jumapili ya kwanza alitetemeka kama mgonjwa. Jumapili ya tatu aliogelea ziwani bila kurekodi. Wafuasi fulani wameondoka, anasema, si wengi.

Jumapili iliyopita nilimuandikia kumuuliza jambo juu ya makala hii. Hakujibu. Jibu lilifika Jumatatu saa tatu asubuhi: « Unisamehe yaya, nilikuwa nalala. »